Nusu ya Onyo

Ousseni alikataa mara tatu, na mara zote tatu alikataa kwa adabu.

Alikuwa amesimama juu ya mawe ya mlango wa mto, pale Mutsamudu, suruali imekunjwa hadi magotini, anatazama mlimani. Mlima haukuonekana. Tangu alfajiri wingu zito lilikuwa limeukalia, na ingawa mjini hapakuwa na tone la mvua, maji ya mto yalikuwa yameanza kugeuka. Asubuhi yalikuwa maangavu. Sasa yalikuwa na rangi ya chai, na kila dakika rangi ile ilizidi kuiva. Ilikuwa Februari ya mwaka 1984.

Mbele yake alisimama luteni mmoja wa wale mamluki wa Kizungu walioshika kambi za visiwa tangu mwaka sabini na nane. Alikuwa mtu mrefu mwenye ndevu nyekundu, na watu wa Mutsamudu walimwita Ndevu. Mkononi alikuwa na mshipi mpya wa nailoni, bado una karatasi ya dukani. Kati yao alisimama Abdou, askari wa kambi na mkalimani wa luteni. Abdou alikuwa pia shemeji yake Ousseni: ndugu wa Faouzia, baba mmoja, mama mmoja.

"Shemeji, mwambie bwana mkubwa hivi," alisema Ousseni. "Samaki wakubwa wapo. Maji mekundu yakiingia baharini, kolekole huja kuwinda pale wekundu unapokutana na bluu. Hiyo ni kweli, simfichi. Lakini leo hatuingii. Huko juu kunanyesha. Mto huu ukishuka, unashuka mara moja, na magogo na mawe. Na sisi pale hatutii nanga, tunaiacha ngalawa ielee na mkondo. Gogo moja likitupiga ubavuni tumekwisha. Mwambie siku mlima utakapoonekana nitamchukua mwenyewe, bure."

Abdou alimgeukia luteni, akabana visigino, akasema kwa Kifaransa:

"Anasema samaki wakubwa wapo, luteni. Maji mekundu ndiyo yanayowaleta."

Hatua sita kutoka hapo, Faouzia, mke wa Ousseni, alisikia maneno yote, ya kwanza na ya pili. Alikuwa ameteremka kumletea mumewe kopo la kukumbia maji, alilolisahau nyumbani. Miaka tisa alikuwa amepika katika nyumba ya Mfaransa mmoja aliyesimamia mashamba ya mlangilangi, hadi Mfaransa yule alipofunga masanduku yake na kurudi kwao baada ya uhuru. Kifaransa alikiokota jikoni. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anakijua.

Atamalizia, Faouzia alijiambia. Ametanguliza jema, sasa atasema lililobaki.

"Sasa mbona ana maneno mengi hivyo?" luteni aliuliza.

"Ndivyo walivyo, luteni. Wavuvi wa hapa wanapenda kubembelezwa."

Faouzia alifungua mdomo. Abdou akamwona. Hakumkonyeza wala kumkunjia uso. Alimtazama tu, na macho yake yalikuwa yanaomba. Faouzia alijua yanaomba nini. Wiki mbili nyuma, pale bandarini, Abdou alimwambia luteni huyu huyu kwamba gari halitapita kwenye kichochoro fulani, na luteni akamzaba kibao mbele ya wachukuzi wote. Kofia yake ilianguka, akainama kuiokota, na mtu mmoja akacheka. Tangu siku ile Abdou hakupita tena bandarini ila kwa kuzunguka. Je, leo dada yake, mwanamke aliyejitanda shiromani, kopo mkononi, amsahihishe mbele ya mkubwa wake?

Akafunga mdomo.

Ousseni alikataa mara ya pili, na luteni akaacha kutabasamu. Alikataa mara ya tatu, na luteni akaweka kiganja juu ya bastola iliyokuwa kiunoni, bila kuitoa, kama mtu anayehakikisha kwamba pochi yake ipo. Halafu akaingia kwenye ngalawa na buti zake.

Ousseni alimtazama yule mtu aliyekwisha kuketi ndani ya chombo chake. Akashusha pumzi.

"Basi mwambie masharti. Avue buti. Asisimame, hata akinasa samaki mkubwa namna gani. Asijifunge kamba yoyote mwilini. Na tukipinduka asihangaike kurudi pwani. Ashike chombo tu. Mkondo utatutoa nje, na huko nje tutaokolewa."

"Anasema karibu," Abdou alimwambia luteni. "Ukae mbele."

"Amesemaje?" aliuliza Ousseni.

"Amesikia."

Ousseni aliguna. Faouzia alimpa kopo. Vidole vyao viligusana.

"Ousseni."

"Nini?"

Alikuwa na muda. Baadaye, akiwa Moroni, angepima muda ule tena na tena na kuona kwamba ulitosha kabisa.

"Mrudi mapema," akasema.

*

Watu waliokuwa ufukweni walimwona Ndevu akisimama. Ngalawa ilikuwa imeelea hadi nje kidogo ya mlango wa mto, palepale kwenye mstari wa maji mawili, Ousseni nyuma na kafi lake, Abdou katikati, luteni mbele. Mshipi ulikaza. Luteni akapiga kelele za furaha zilizofika hadi pwani, na baadhi ya watu wakacheka naye, kwa maana furaha ya samaki mkubwa haina kabila. Alizungusha kitu kiunoni mwake, akakifunga, akapanua miguu, akaanza kuvuta.

Halafu ukasikika mlio kutoka juu ya mji.

Walioishi kando ya mto waliujua mlio ule. Ni kama lori la kokoto linalomwagwa, ila haukomi. Wanawake waliokuwa wakifua waliacha nguo wakakimbia. Ukuta wa maji mekundu ulipita chini ya daraja, umebeba migomba, mti mzima wa mshelisheli na mizizi yake, mbuzi aliyekwisha kufa, na mlango wa nyumba ya mtu, bado una komeo.

Ousseni aliuona. Faouzia alimwona akipiga kafi kwa nguvu zote, akijaribu kuielekeza ngalawa kwenye maji ya bluu. Alipiga mara nne. Mti wa mshelisheli ukawafikia.

Hapakuwa na kishindo kikubwa. Ngalawa iligeuka tu taratibu, rengu moja likainuka juu, gogo lile jembamba la pembeni likielekea mbinguni, likashuka upande wa pili. Vichwa vikatokea majini. Faouzia akahesabu, na watu waliokuwa karibu naye wakahesabu kwa sauti.

"Wawili! Wawili tu!"

Mashua mbili za bandarini zilitoka kuwafuata. Zilichukua karibu nusu saa kuwafikia, kwa sababu mkondo ulikuwa umewapeleka mbali, kama Ousseni alivyosema ungefanya. Walimkuta ameshika rengu kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia alikuwa amemshika Abdou ukosi wa shati la kijeshi, na kichwa cha Abdou amekilaza juu ya bega lake ili asimeze maji.

Luteni walimwona walipoigeuza ngalawa. Alitoka nayo. Kamba ya omo, ile ya mbele ya chombo, ilikuwa imezunguka kiunoni mwake mara mbili, na fundo, na kutoka kwenye fundo lile alining'inia chini ya chombo muda wote ule, akiwa na buti zilizojaa mchanga. Macho yalikuwa wazi.

*

Gari la kambi lilifika kabla hata maiti haijafunikwa. Sajenti wa Kizungu aliteremka, akatazama ile kamba, akatazama fundo. Ousseni na Abdou walikuwa wamekalishwa juu ya mawe, wanatetemeka pamoja, bado Ousseni amemkumbatia shemeji yake kwa mkono mmoja.

"Nani alimfunga hivi?" sajenti alimuuliza Abdou.

Abdou alikohoa maji. "Chombo ni cha huyu," akasema.

"Alisema ni salama?"

Faouzia alikuwa amesimama karibu, shiromani limelowa hadi kiunoni. Alimwona ndugu yake akimtazama sajenti, kisha akitazama buti za maiti, kisha akikaza taya.

"Alisema ni salama."

Maneno hayo Abdou aliyatoa akiwa bado ndani ya mkono wa Ousseni. Ousseni, ambaye hakujua Kifaransa hata cha kusalimia, alidhani shemeji yake anaeleza yaliyotokea. Akatikisa kichwa kukubali. Akatikisa tena, kwa nguvu zaidi, ili sajenti aone kwamba wote wawili wanasema jambo moja.

"Abdou!" Faouzia alipiga ukelele. "Abdou!"

Hakugeuka. Ousseni ndiye aliyegeuka, akashangaa kumwona mkewe anapiga kelele hivyo mbele ya wanaume. Bado alikuwa anashangaa walipomfunga mikono. Jioni ile ile walimtia kwenye ndege ndogo ya kijeshi, pamoja na maiti, wakampeleka kambi kuu ya Moroni, kisiwa cha pili. Abdou naye alikwenda, kuwa shahidi.

*

Faouzia alipata nafasi katika meli ya mizigo, juu ya magunia ya karafuu, siku tatu baadaye. Moroni alimjua mtu mmoja tu: Nafissa, mwanamke wa kwao Mutsamudu aliyekuwa akiuza vitambaa katika soko la Volo Volo. Nafissa alimpa mkeka na chumba cha nyuma, na tahadhari.

"Usiseme sana pale kwenye geti la kambi. Wakisikia tu matamshi yetu watakucheka. Na usilie. Wakiona machozi wanakuweka mpaka jioni."

Walimcheka siku ya kwanza. Askari wa zamu, Mngazidja kijana wa kisiwa kile, alimfanya arudie jina la mumewe mara nne, kila mara akiiga matamshi yake kwa wenzake. Siku ya pili walipokea bakuli la wali na samaki alilompikia Ousseni, wakasema litafika. Saa sita mchana aliwaona wenyewe wamekaa chini ya kibanda chao wanakula. Mmoja wao alimrudishia bakuli na kumwambia, kwa upole kabisa, kwamba kesho apunguze chumvi.

Hakuwa peke yake pale. Chini ya ukuta, penye kivuli kidogo, alikaa mwanamke mwingine, mdogo kwake kwa miaka kumi hivi, mwenye mimba kubwa na kanga nyeupe kichwani. Naye aliambiwa kila siku arudi kesho. Walianza kwa kusogezeana nafasi ya kivuli. Siku ya pili Faouzia alimpa kipande cha mkate, na mwanamke yule akamwambia jina lake: Saoudat, wa Ntsoudjini.

"Sikupaswa hata kuwa nje," alisema Saoudat. "Niko kwenye eda. Lakini hawataki kunipa maiti yangu. Wanasema itapelekwa Ufaransa kwa mama yake. Mimi ninasema alisilimu, alinioa mbele ya kadhi, azikwe hapa kama watu wanavyozikwa. Wananiuliza karatasi. Karatasi ziko kwenye sanduku lake, na sanduku liko humo ndani."

Faouzia aliacha kutafuna.

"Alikuwa Mzungu?"

"Ndiyo. Na wewe usinitazame hivyo, dada. Wamenitazama hivyo watu wote wa mji wetu. Kwangu hakuwahi kunyanyua mkono." Saoudat alimega mkate. "Alikufa mtoni, kwenu kule. Wanasema mvuvi mmoja alimdanganya maji ni mazuri, akamfunga kamba makusudi. Hivi mtu anakuwaje na moyo wa namna hiyo?"

Mkate wa Faouzia ulianguka. Aliutazama chini, hakuuokota. Ndevu alimjua kwa ndevu zake, bastola na kile kibao cha bandarini tu. Haikumjia hata mara moja kwamba mahali fulani kulikuwa na mwanamke anayemngoja na chakula.

"Saoudat," alisema hatimaye. "Yule mvuvi ni mume wangu."

Mwanamke yule hakupiga kelele. Alijivuta kando, taratibu, mkono juu ya tumbo, mpaka kukawa na jua kati yao.

"Hakumfunga," Faouzia alisema upesi. "Wallahi hakumfunga. Alimkataza kwenda, mara tatu. Alimwambia avue buti, asisimame, asijifunge. Mkalimani hakuyasema. Alisema nusu tu, ile ya samaki."

"Wewe umejuaje?"

"Nilikuwepo. Ninajua Kifaransa."

Magari mawili yaliingia getini, lango likafungwa.

"Ulikuwepo," Saoudat alirudia. "Ulisikia. Na hukusema."

*

Abdou alikuja nyumbani kwa Nafissa kesho yake, Ijumaa, baada ya sala, amevaa kanzu badala ya sare. Alikuwa amekonda. Alileta sukari na sabuni, akaviweka mlangoni kama mgeni.

"Mama amekutumia salamu," alisema. "Ameandikiwa barua, amejibu. Anasema tumalize jambo hili ndani ya familia."

"Familia yako iko jela," Faouzia alisema.

"Dada, nisikilize. Watamshikilia miezi kadhaa, halafu watamwacha. Ni mvuvi tu, hawana haja naye. Lakini mimi ni askari. Mkalimani aliyemuua ofisa kwa mdomo wake, unadhani watamfanya nini?"

"Alikushika ukosi, Abdou. Nusu saa. Watu wa mashua walikukuta umelala begani kwake kama mtoto mchanga."

Abdou alifunika uso kwa viganja. "Nilikusudia kuyasema. Kila sentensi nilikusudia kuisema. Nikifungua mdomo, naona mkono wake. Nikasema, leo hakutatokea kitu, mbona siku nyingi wanakwenda na hakutokei kitu." Aliinua kichwa. "Na wewe ulisikia. Usinihukumu mimi peke yangu. Ungeweza kusema neno moja."

"Nilikuonea haya wewe," Faouzia alisema. "Nilifikiri, wasimcheke tena ndugu yangu. Ni hilo tu. Kwa jambo dogo kama hilo, mtu amekufa."

Nje, mwenye gari la abiria alikuwa akiita watu wa Itsandra.

"Kesho nitasema," alisema Faouzia. "Nimekwambia wewe kwanza ili usiseme nimekuvizia. Chukua sukari yako."

Hakuichukua. Alitoka bila kuaga, na Nafissa, aliyesikia yote kutoka uani, aliikusanya sukari ile akaipeleka kwa jirani.

*

Jumamosi hakwenda kwa askari wa zamu. Alisimama katikati ya njia, na gari la kapteni lilipokuja akainua mkono na kusema kwa Kifaransa, kwa sauti ya kumwita bwana mezani, sauti aliyoitumia miaka tisa:

"Bwana kapteni, mimi nilikuwepo luteni alipokufa. Nilisikia kila neno."

Gari likasimama. Askari wa zamu alibaki mdomo wazi.

Kapteni alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani, na ofisi yake ilikuwa safi. Alimsikiliza bila kumkatiza. Faouzia aliyarudia maneno ya mumewe kwanza, kisha ya Abdou, moja baada ya jingine. Alipomaliza, kapteni aliamuru Abdou aletwe.

Abdou aliingia, akapiga saluti. Alimwona dada yake kwenye kiti.

"Huyu mama anasema mvuvi alikataa kwenda," alisema kapteni. "Kwamba alitoa masharti, na hukuyatafsiri. Kweli?"

Faouzia alitarajia atakana. Katika moyo wake, Mungu amsamehe, kulikuwa na sehemu iliyoomba akane. Abdou alitazama sakafu, akatazama mkono wa kapteni uliokuwa juu ya meza. Kisha mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetua gunia.

"Kweli, kapteni."

Hakupigwa. Kapteni alisimama, akamvua kofia, akaiweka juu ya meza pembeni ya karatasi zake. "Mtoeni," akasema. Walimtoa kwa mlango wa nyuma. Angekaa ndani miezi mitatu, na kurudi Mutsamudu bila sare na bila kusikia vizuri kwa sikio la kulia, na mama yao asingezungumza na Faouzia hadi Ramadhani. Lakini siku ile hayo hayakujulikana. Kilichojulikana ni mlango uliofungwa, na hatua zilizokwenda mbali.

"Una Kifaransa kizuri," kapteni alimwambia Faouzia, huku akiketi. "Ni bahati mbaya hukukitumia mapema."

Ousseni alitolewa kwa lango dogo la pembeni baada ya Adhuhuri. Hakuna aliyemweleza kitu. Alikuwa hana shati, jicho moja limevimba, na alitembea kama mtu anayekanyaga mawe. Alimwona mkewe akasimama.

"Nani amewaambia?" aliuliza.

"Mimi."

"Wewe ulijuaje?"

Akamweleza wakiwa wamesimama palepale njiani. Hakujipunguzia kitu. Alimwambia alichosikia ukingoni, alichomsikia Abdou akimwambia sajenti, na kwa nini alinyamaza. Alimwambia pia kuhusu Saoudat na maiti yake. Wapita njia walimtazama mtu mzima asiye na shati analia bila sauti, wakaongeza mwendo.

"Huyo mwanamke anakaa wapi?" aliuliza mwishowe.

"Ntsoudjini. Lakini Ousseni, meli inaondoka leo..."

"Twende kwake kwanza."

*

Nafissa alimpa shati la marehemu mumewe. Walifika Ntsoudjini alasiri, wakaulizia nyumba, na watu waliielekeza kwa kidevu, bila kutaja jina. Saoudat alikuwa ndani, anashona nepi. Alipowaona mlangoni hakusema karibu, wala hakusema ondokeni. Ousseni aliketi kizingitini, nusu nje, kwa heshima ya eda, akazungumza huku ametazama uani.

"Sikuja kuomba radhi ili unipe," alisema. "Nimekuja kwa sababu mke wangu amekwambia mimi sina kosa, na hilo si kweli."

Faouzia aligeuka kumtazama.

"Nilimwona akijifunga ile kamba," Ousseni alisema. "Nilikuwa nyuma, na kafi. Niliona anaizungusha, niliona anapiga fundo. Ningeweza kumwambia shemeji yangu aifungue. Ningeweza kusogea nikaifungua mwenyewe, hata kama angenipiga. Lakini nilidhani ameambiwa. Nilidhani amesikia kila neno langu, na amenidharau kwa makusudi. Nikasema moyoni, mwache. Mwache aone." Alipangusa uso kwa mkono wa shati lisilo lake. "Sikutaka afe. Nilitaka aanguke majini kidogo, aaibike, samaki apotee. Hicho tu ndicho nilichotaka."

Faouzia alishika ukuta. Siku zote zile, kwenye magunia ya karafuu, chini ya ukuta wa kambi, katika chumba cha Nafissa, alikuwa amebeba jambo moja: kwamba angesema neno moja, mumewe angekuwa huru. Sasa aliona kwamba angesema neno moja, Ousseni angejua kuwa yule mtu hajui. Angemvua buti kwa mikono yake. Angemshikisha chombo, amwonyeshe kwa vidole, kama alivyowaonyesha watu wote waliowahi kupanda naye.

"Alisema kitu?" Saoudat aliuliza. "Kule majini?"

"Sikumsikia. Nilikuwa nimemshika mwingine."

Sindano ilisimama. Kwa mara ya kwanza tangu waingie, Saoudat alimtazama Ousseni usoni, jicho lile lililovimba, midomo iliyopasuka. Kisha akatazama tumbo lake.

"Jana wamempeleka Ufaransa," alisema. "Kwa ndege. Sikumwona." Aliichomeka sindano kwenye nepi. "Huyu akizaliwa ataniuliza. Watu watamwambia mengi, baba yako alikuwa hivi, alikuwa vile, na mengine yatakuwa kweli. Lakini ataniuliza alikufaje. Nimwambie nini?"

Faouzia alitaka kumsaidia mumewe, akatafuta neno katika lugha zake zote mbili, asilipate.

"Mwambie," alisema Ousseni, "kwamba baba yake hakuambiwa."